Kuta Changa, Ardhi Kongwe: Ziara ya Miguu Kianjokoma

Ziara ya kutembea kwa miguu ili kutazama majengo ya kihistoria ni jambo lililozoeleka katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka uliofuata, huwapa wageni kuta za matumbawe na chokaa, milango ya nakshi na mabaraza ambayo umri wake husomeka kwa macho hata pasipo maelezo ya kiongozi. Mazoea hayo yakipandishwa hadi kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, katika kijiji cha Kianjokoma kaunti ya Embu, hayamfaidi sana mtazamaji, kwa kuwa katika nchi hiyo ni nadra kukuta ukuta uliotimiza miaka mia moja, na jengo lenye mengi ya kusimulia huenda likawa banda la mabati ambalo mpita njia hageuzi shingo kulitazama. Historia ya ujenzi ipo, tena ya kina, ila imehifadhiwa zaidi katika mahali majengo yalipowekwa, katika mpango wa safu zake na katika mipaka ya mashamba yanayoyazunguka, kuliko katika kuta zenyewe.

Kianjokoma ni kituo cha biashara, yaani soko la kijijini lenye maduka, makanisa, shule na afisi za utawala, lililo katika eneo la Embu Kaskazini, juu ya mji wa Embu na chini ya msitu wa Mlima Kenya. Umbo la nchi ndilo linaloamua umbo la matembezi. Mito inayoshuka kutoka mlimani imeichonga ardhi ya volkano kuwa migongo mirefu iliyotenganishwa na mabonde yenye kingo kali, na kwa sababu hiyo barabara, masoko na makanisa hufuata kilele cha mgongo, mashamba hushuka pande zote mbili kama riboni nyembamba hadi kwenye maji, na mtu anayetaka kufika mgongo wa jirani hana budi kuteremka hadi mtoni na kupanda tena. Kianjokoma iko katika ukanda ambamo kahawa na chai hukutana, kahawa ikitawala sehemu za chini zenye joto zaidi na chai ikipanda kuelekea baridi ya msitu, na mazao hayo mawili yamejenga sehemu kubwa ya kile kinachoonekana leo.

Swali la kwanza analopaswa kujibiwa mtembezi ni kwa nini hakuna nyumba za kale. Nyumba ya jadi ya Waembu, kama ile ya majirani zao Wakikuyu na Wameru, ilikuwa ya mviringo, yenye nguzo za miti zilizosimikwa ardhini, kuta za fito zilizokandikwa udongo na samadi, na paa la nyasi lililochongoka ili maji ya mvua nyingi ya mlimani yatiririke upesi. Boma la familia halikuwa jengo moja ila kundi la majengo: kila mke alikuwa na nyumba yake, mwenye boma alikuwa na thingira, yaani nyumba ya mwanamume ambamo wageni walipokelewa na wavulana wakafundwa, na pembeni yalisimama maghala ya nafaka yaliyoinuliwa kutoka ardhini ili unyevu na panya wasifikie chakula. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wakikuyu, alieleza kuwa desturi ilitaka nyumba mpya ikamilike kwa siku moja, kwa msaada wa marafiki na jamaa, wanaume wakishughulikia miti na wanawake nyasi. Utamaduni unaoweza kusimamisha nyumba kati ya alfajiri na machweo hauna haja ya kuisimamisha kwa karne tatu. Nguzo zilipooza, nyumba ilijengwa upya, na uendelevu ulikuwa katika ujuzi na katika kiwanja, wala haukutegemea mti uleule uliosimikwa na babu.

Jambo hili si la Embu peke yake. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, ambayo jengo lake kuu lilijengwa mwaka 1882 kwa miti, matete na nyasi, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na moto ulipoliteketeza jengo hilo mwezi Machi 2010, ujenzi mpya ulitegemea koo zilizokabidhiwa kazi ya kuezeka tangu zamani, kwa sababu thamani iliyotambuliwa ilikuwa pamoja na maarifa yao. Tofauti ni kwamba Kasubi ilikuwa na ufalme wa kuitunza, ilhali Waembu walitawaliwa na mabaraza ya wazee na marika, bila ikulu wala mji mkuu, hivyo hapakuwa na jengo moja lililopewa ulinzi kuliko mengine.

Sheria ya Kenya nayo huonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa kijiji cha aina hii kuingia katika daftari la urithi. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa mnara wa kihistoria, pasipo haja ya tangazo lolote, jengo lisilohamishika lililosimamishwa kabla ya mwaka 1895, ambao ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki. Kipimo hicho huipendelea pwani yenye mawe na chokaa, kwani bara, ambako nyumba zilikuwa za miti, hakuna kinachoweza kukifikia ila vitu kama kuta za mawe makavu za Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori. Kwa bahati njema sheria hiyohiyo inaruhusu jengo au mahali pa umri wowote patangazwe na waziri katika Gazeti Rasmi la Serikali, ila tangazo halitolewi mpaka awepo mtu aliyepaona mahali hapo kuwa na maana.

Mwaka 1895 haukubadilisha lolote Kianjokoma. Mwaka uliobadilisha mambo ni 1906. Katika miezi ya Juni na Julai ya mwaka huo, msafara wa kijeshi wa Waingereza uliwashambulia Waembu, ukavunja upinzani wao na kutwaa mifugo, kisha kituo cha utawala kikaanzishwa mahali ambapo leo ni mji wa Embu. Pamoja na utawala ilikuja kodi ya nyumba, iliyotozwa kwa kuhesabu vibanda, na ambayo kwa hiyo iligusa ujenzi moja kwa moja, kwa kuwa boma lenye nyumba ya kila mke lilikuwa boma la kulipa zaidi. Ni mara chache historia ya usanifu huandikwa na karani wa kodi, lakini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mpango wa boma la jadi ulianza kubanwa na daftari lake kabla haujabanwa na mabati wala na mafundisho ya misheni.

Matembezi yenyewe yafaa kuanzia sokoni, kwa sababu maduka ndiyo majengo ya kudumu yanayopatikana kwa wingi na ndiyo yanayosomeka kwa urahisi. Duka la zamani katika vituo vya biashara vya miteremko hii lina sura inayojirudia: chumba cha mbele chenye kaunta, mlango wa mbao wa vipande viwili na dirisha lenye kilango cha mbao, mbele yake veranda iliyoinuliwa kwa ngazi moja au mbili, yenye paa lililobebwa na nguzo nyembamba, nyuma yake chumba cha kulala cha mwenye duka, na baada yake ua wenye jiko na choo. Maduka hupangwa kwa safu iliyonyooka, yakitazamana ng'ambo ya barabara au yakizunguka uwanja wa soko, na unyofu huo haukutokea kwa bahati. Mabaraza ya wenyeji, yaliyoundwa na serikali ya kikoloni katikati ya miaka ya 1920, na halmashauri zilizoyafuata, yaligawa viwanja vya masoko kwa vipimo vilivyowekwa, yakadai mstari mmoja wa kujengea na vifaa vilivyohesabiwa kuwa vya kudumu. Hivyo safu ya maduka ya kijijini ni hati ya utawala iliyoandikwa kwa mawe na mabati: inaonyesha ni lini biashara ilipokubaliwa kuwa kazi ya Mwafrika katika ardhi yake mwenyewe, na kwa masharti gani.

Umri wa duka hukadiriwa kwa kutazama vifaa vyake kutoka juu kuja chini. Mabati ya zamani, yaliyoagizwa kutoka ng'ambo kabla ya Kenya kuwa na kiwanda chake, mara nyingi ni mazito kuliko ya siku hizi na kutu yake ni ya hudhurungi iliyoenea sawasawa. Mabati mapya ni membamba na huingia matundu mapema. Mbao za ukuta zilizopasuliwa kwa msumeno wa mkono wa watu wawili, mmoja akisimama juu ya gogo na mwingine shimoni, zina alama za meno zilizoinama na zisizolingana, tofauti na mikwaruzo iliyonyooka ya msumeno wa mashine. Mawe ya kuchongwa kwa patasi hayana kingo zinazofanana, ilhali matofali ya saruji yaliyotengenezwa kwa kalibu yanafanana kama mapacha na kwa kawaida yanaonyesha ujenzi wa baadaye. Rangi ndiyo shahidi asiyeaminika kuliko wote, maana kampuni za simu, soda na sabuni hupaka kuta upya kila msimu wa matangazo, na tabaka la chini kabisa, pale linapochungulia kwenye mbanduko, ndilo lenye habari.

Makanisa na shule zinaweza kupitiwa kwa haraka zaidi, kwa sababu mengi ya majengo yake yamejengwa upya mara kadhaa na yanayoonekana ni ya miongo ya karibuni. Chimbuko lake liko Kigari, kwenye barabara inayopanda kutoka mji wa Embu, ambako Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza, CMS, lilifungua kituo mwaka 1910 na ambako leo kuna chuo cha ualimu. Mpango wa kituo cha misheni ulileta katika mgongo wa kilima kitu kigeni: jengo la mstatili lenye pembe nne, milango miwili na madirisha, lililozungukwa na uwanja mpana na miti iliyopandwa kwa mstari. Nyumba ya mstatili ikawa alama ya msomi na Mkristo, ile ya mviringo ikabaki kuwa ya mshika jadi, na mgawanyiko huo ukakolezwa na mzozo wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wanawake, ambapo wamisionari waliwataka waumini wao kuikana desturi hiyo na wengi wakajitenga, wakaunda shule zao huru. Shule huru zilifungwa na serikali baada ya 1952, na nyingi ziliondolewa kabisa, hivyo sura hiyo ya historia inasimuliwa leo na viwanja vitupu au na shule za serikali zilizojengwa juu ya misingi ileile.

Sehemu nzito zaidi ya matembezi haya ni ile isiyo na jengo hata moja. Hali ya Hatari, yaani utawala wa sheria za dharura uliotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 kukabiliana na Mau Mau, harakati za silaha dhidi ya ukoloni, iliwagusa Waembu pamoja na Wakikuyu na Wameru, na mwezi Juni 1954 serikali iliamua kuwakusanya wakazi wa vijijini, waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika kila mmoja katika shamba lake, ndani ya vijiji vyenye ulinzi. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800, vikiwemo vya wilaya ya Embu, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Ndia na Gichugu za Kirinyaga ya leo. Nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa, mara nyingi mbele ya wenyewe, na vibanda vipya vikasimamishwa kwa pupa na wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Kwa hiyo jibu la swali la nyumba za kale lina sehemu mbili: miti huoza, lakini pia kulikuwa na mwaka ambapo karibu kila nyumba ya nchi hii iliangushwa kwa amri.

Kijiji cha Hali ya Hatari kilikuwa na mpango unaotambulika: vibanda vilivyopangwa kwa safu zilizonyooka ili doria ipite na kuona hadi mwisho wa njia, handaki lenye miti iliyochongwa na seng'enge kuzunguka mahali pote, lango moja au mawili yaliyofungwa usiku, na pembeni, mara nyingi mahali palipoinuka, ngome ya homugadi, yaani askari wa kulinda vijiji walioandikwa kutoka miongoni mwa wenyeji, ikiwa na mnara wa kutazamia. Juu zaidi, kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya, lilichimbwa kwa kazi ya kulazimishwa handaki la kilomita zipatazo 80 ili kuwatenga wapiganaji na wale waliokuwa wakiwapelekea chakula. Vibanda vimekwisha, mnara umekwisha, na handaki limefukiwa kwa jembe au kwa mvua, lakini mtembezi mwenye subira hutafuta vitu vitatu: mahali ambapo mashamba yaliyopinda kufuata kilima yanakatizwa ghafla na njia zilizonyooka; kundi la viwanja vidogo vilivyobanana, ambavyo mara nyingi ni masalio ya vijiji hivyo vilivyobaki na watu wasio na ardhi kwingine; na bonde jembamba lisilofuata mkondo wa maji, ambalo wazee wanaweza kusema lilichimbwa na nani.

Katika vituo vingi vya Kenya ya kati, afisi ya chifu, kituo cha polisi, zahanati au soko vilirithi kiwanja cha kijiji au cha ngome, kwa sababu ardhi hiyo ilikuwa tayari mikononi mwa serikali. Ndiyo maana swali la kuuliza mbele ya jengo la umma lisilo na uzuri wowote ni nini kilisimama hapo mwaka 1955, hata kama jengo lenyewe ni la mwaka 1985. Serikali ya Uingereza ilikubali mwezi Juni 2013 kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliodai kuteswa wakati wa Hali ya Hatari, na mnara wa kumbukumbu ukafunguliwa Nairobi mwaka 2015. Katika vijiji vyenyewe kumbukumbu iko kwenye majina, kama la Jenerali Kubukubu, mpiganaji wa Embu ambaye jina lake limepewa shule, na kwenye safu za viwanja ambazo hakuna kibao kinachozieleza.

Kutoka kijijini, watu hawakurudi katika mashamba waliyoyaacha. Mpango wa kilimo wa mwaka 1954, unaojulikana kwa jina la mtayarishaji wake R. J. M. Swynnerton, ulitaka vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe kuwa shamba moja kwa kila mwenye haki, lipimwe na kupewa hati miliki, na ndipo wakulima wapewe mazao ya biashara. Mandhari ya Kianjokoma anayoyaona mgeni, yenye riboni za ardhi kutoka barabarani hadi mtoni, nyumba ikiwa juu karibu na njia, kahawa au chai katikati ya mteremko, na migomba, viazi vikuu na nyasi za ng'ombe karibu na maji, ni zao la upimaji huo, na ua wa miti unaotenganisha shamba na shamba ni kumbukumbu ya mstari uliochorwa na mpima ardhi.

Kahawa yenyewe ilitangulia mpango huo. Kwa muda mrefu walowezi wa Kizungu waliwazuia Waafrika kuilima, na ni katika miaka ya 1930 tu ndipo ruhusa ilipotolewa kwa majaribio katika Embu, Meru na Kisii, mbali na mashamba ya walowezi, kwa miche michache na chini ya uangalizi mkali. Jengo lililotokana nayo ndilo ambalo ziara ya aina hii haipaswi kulikosa: kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika. Neno kiwanda lisimpotoshe msomaji akatarajia mabomba ya moshi, kwani kiwanda cha kahawa cha kijijini ni mteremko uliogeuzwa kuwa mashine. Matunda mabivu hupimwa juu kabisa na kumiminwa katika shimo la zege. Maji huyasukuma hadi kwenye mashine ya kumenya inayovua ganda jekundu. Punje zenye ute hushukia katika matangi ambamo huchachuka mpaka ute ulegee. Zinaoshwa katika mifereji mirefu ambamo punje nzito hutulia na nyepesi huelea. Na mwisho hutandazwa juu ya meza ndefu za waya ili zikauke juani kabla ya kupelekwa ghalani. Kila hatua iko chini ya iliyotangulia, maji na uzito vikifanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na mota, na kwa hiyo kiwanda hukaa chini karibu na mto, mbali na barabara, mahali ambapo mgeni asiyeelekezwa hafiki.

Ghala la kiwanda, lenye kuta za mawe au mabati, sakafu ya mbao iliyoinuliwa na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu, ni mrithi wa moja kwa moja wa ghala la nafaka la boma, na pengine ndilo jengo lililosanifiwa kwa uangalifu kuliko yote kijijini. Karibu nalo kuna afisi ya karani yenye dirisha dogo la malipo. Baridi kali iliyoharibu mikahawa ya Brazili mwezi Julai 1975 ilipandisha bei duniani hadi kiwango kisichowahi kuonekana, na fedha za miaka ya 1976 na 1977 zilijenga katika sehemu nyingi za nchi ya kahawa nyumba za mawe zenye paa la pande nne na vioo madirishani. Mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo uliposambaratika mwaka 1989, bei iliporomoka, na nyumba nyingi zilizoanzishwa wakati wa neema zikabaki na vyuma vilivyochomoza juu ya kuta zikisubiri ghorofa ambayo haikujengwa. Chai ilikuja baadaye, ikasambazwa kwa wakulima wadogo na mamlaka iliyoundwa mwaka 1964 na inayojulikana kwa ufupisho KTDA, na majengo yake ni ya namna mbili: viwanda vikubwa, kama Mungania katika ukanda huu wa Embu, na vibanda vidogo vilivyo wazi pande zote kando ya barabara, ambamo majani hupimwa kwa mizani ya kuning'inia na wachumaji hungojea lori. Vibanda hivyo havina umri mkubwa wala uzuri, lakini saa za alasiri ndivyo baraza la kweli la mgongo wa kilima.

Kadiri njia inavyopanda kuelekea msitu, mbao huchukua nafasi ya mawe. Upande huu wa mlima, unaopata mvua nyingi, ulikuwa na misitu ya mkafuri, mti mkubwa wenye mbao zenye harufu zinazostahimili wadudu, na nyumba za zamani za mabanzi, yaani vipande vya nje vya gogo vilivyobaki na gamba baada ya kupasuliwa, zilijengwa kwa mti huo pamoja na podo na mwerezi. Uchunguzi wa kutoka angani uliofanywa mwaka 1999 ulihesabu maelfu ya mikafuri iliyokatwa kinyume cha sheria, na mwaka uliofuata usimamizi wa hifadhi yote ya msitu ulikabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Leo fundi hutumia mvinje, mkaratusi na miti mingine ya mashamba, hivyo nyumba ya mkafuri, ikipatikana, ina thamani ambayo mwenyewe huenda asiijue, na ni busara mgeni asiisifu kwa sauti mbele ya wafanyabiashara wa mbao.

Mahali pakongwe kuliko pote katika nchi ya Embu hapana ukuta wala paa. Karibu na Runyenjes, upande wa mashariki wa Kianjokoma, kuna kichaka cha Mwenendega, ambacho masimulizi ya Waembu hukitaja kuwa makazi ya Mwenendega, mzazi wa kabila lao, na vichaka vingine vya namna hiyo viliachwa bila kukatwa katika sehemu mbalimbali za nchi ili wazee wapate mahali pa sala na sadaka. Ulimwengu umeshaonyesha kuwa mahali kama hapo paweza kuhesabiwa kuwa urithi wa ujenzi: Makaya ya Wamijikenda, ambayo ni misitu iliyofunika vijiji vya zamani vyenye ngome katika pwani ya Kenya, yaliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, ilhali nyumba zake zilikwisha kuoza zamani. Anayetaka kuona jinsi majengo ya kikoloni yanavyoweza kutunzwa bila kufutwa historia yake anaweza kuendelea na barabara inayozunguka mlima hadi Chogoria, ambako daktari Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland alianza kazi mwaka 1922, na kisha hadi mjini Meru, ambako jengo la utawala la mwaka 1916 limekuwa makavazi tangu 1974.

Kuhusu namna ya kutembea, miezi ya Januari, Februari na Agosti hadi Septemba ina njia kavu zaidi, kwani udongo mwekundu wa migongo hii huteleza vibaya wakati wa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na mwezi Julai huwa na ukungu na manyunyu yanayoficha mlima. Asubuhi ni wakati wa kiwanda cha kahawa na alasiri ni wa vibanda vya chai. Maboma ni ya watu, wala hayaingiwi bila kubisha hodi na kujieleza. Kituo cha polisi na afisi ya chifu hazipigwi picha bila ruhusa. Na mzee anayeulizwa kuhusu kijiji cha mwaka 1954 yafaa aulizwe ameketi, faraghani, kwa sababu familia zilizokuwa ndani ya handaki na zile zilizokuwa ngomeni zingali ni majirani, na mara nyingine zimeoana.

Wajibu wa kuviorodhesha vitu hivi una mwenyewe katika sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliiachia serikali ya taifa minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na likazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na makavazi, hivyo duka lenye mlango wa vipande viwili, ghala la ushirika na safu za viwanja vya kijiji cha dharura ni mambo ambayo kaunti ya Embu inaweza kuyashughulikia bila kusubiri Nairobi. Kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi: kukusanya ramani za upimaji wa ardhi, madaftari ya viwanja vya soko na kumbukumbu za vyama vya ushirika, kuzilinganisha na maelezo ya watu waliozaliwa kabla ya 1950, na kuweka alama juu ya ramani moja, huku wenye maduka wakielezwa kuwa veranda inayoweza kukatwa barabara ikipanuliwa ipigwe picha na kupimwa kabla tingatinga halijafika.